ISO 44001: kiwango cha ushirikiano kati ya mashirika, kinafaa nini na kinapwaya wapi

Anayenunua ISO 44001, kiwango cha Shirika la Kimataifa la Viwango (ISO), akitegemea kupata kiolezo cha hati ya makubaliano, ajaze majina ya mashirika na kutia saini, atavunjika moyo. Ndani hamna kitu cha namna hiyo. Kilichomo ni masharti: mambo ambayo shirika linapaswa kuwa limeyafanya, na ushahidi wake linao, kabla ya kuingia ubia, likiwa ndani ya ubia, na siku ya kuachana. Kwa maoni yetu hapo ndipo penye thamani yake. Ubia mwingi hauvunjiki kwa sababu ya maneno ya mkataba. Huvunjika kwa mambo ambayo hakuna aliyeyauliza wakati pande zote bado zinapongezana.

Kiwango hiki kilitoka Machi 2017, na asili yake ni Uingereza: ulianza waraka wa awali wa PAS 11000 mwaka 2006, kikafuata kiwango cha kitaifa cha BS 11000 mwaka 2010, kisha ISO ikakifanya cha kimataifa. Kina ndugu zake pia. ISO 44002 ya mwaka 2019 ni mwongozo wa namna ya kutekeleza masharti, na ISO 44003 ya mwaka 2021 imeandikwa kwa ajili ya biashara ndogo na za kati. Msomaji mgeni aanze na huo mwongozo wa 44002, halafu arudi kwenye 44001. Masharti yameandikwa kwa lugha kavu ya “shirika litafanya hiki, litatunza kile”, na bila maelezo ya kwa nini, mtu huishia kutimiza herufi na kuacha maana. Kabla ya kulipia chochote, sehemu ya utangulizi na fasili za istilahi zinasomeka bure kwenye tovuti ya ISO. Zisome kwanza, zinatosha kukuonyesha kama hiki ndicho unachokitafuta.

Aliyewahi kushika ISO 9001 ya mwaka 2015, kiwango cha usimamizi wa ubora, hatapata shida na muundo. Vifungu vya 4 hadi 10 vinafuata mpangilio uleule: mazingira ya shirika, uongozi, mipango, nyenzo za kusaidia, utendaji, tathmini na uboreshaji. Ugeni uko kwenye kifungu cha 8, kilichogawanywa katika hatua nane: ufahamu wa kiutendaji, maarifa, kujipima, kuchagua mbia, kufanya kazi pamoja, kuzalisha thamani, kubaki pamoja, na kutekeleza mpango wa kuachana. Tazama hesabu hiyo. Hatua tatu kamili zinapita kabla mbia hajachaguliwa. Katika mazoea ya mashirika mengi, barua ya nia huandikwa kwanza, na maswali ya hatua hizo tatu huja mwaka wa pili, tayari yakiwa malalamiko.

Hatua ya tatu, kujipima, peke yake inatosha kuhalalisha bei ya waraka mzima. Shirika linatakiwa kujitazama lenyewe kabla ya kumkagua mwenzake: lina watu wenye ujuzi wa kushirikiana? Wakuu wa idara wako tayari kutoa taarifa nje ya ukuta wao? Mwanasheria, mhasibu na afisa ununuzi wanajua kwamba ubia unakuja, au wataletewa karatasi siku ya mwisho wasaini? Wanaoufanya vizuri upimaji huu hawaishii kumjazisha mkurugenzi dodoso. Wanawaita wale watakaobeba kazi yenyewe, na kila mmoja anaandika kitu kimoja ambacho shirika hufanya kinachoweza kumkwaza mbia.

Chukua mfano mdogo wa ratiba ya fedha. Shirika la kwanza hufunga vitabu tarehe 15 ya kila mwezi. La pili, ambalo ndilo linalopeleka ripoti kwa mfadhili, linahitaji taarifa za matumizi ifikapo tarehe 10, zikiwa na stakabadhi na taarifa ya benki. Siku tano tu. Kila mwezi mhasibu wa kwanza atapeleka makadirio badala ya hesabu halisi, mwezi unaofuata atasahihisha, na wa upande wa pili ataanza kuhisi kuna kitu kinafichwa. Baada ya miezi sita hivi, wakurugenzi wawili wanazungumzia “kutoaminiana” na hakuna anayekumbuka kuwa chanzo kilikuwa kalenda. Upimaji wa ndani ungeliibua jambo hili katika mchana mmoja, na dawa yake ni rahisi: kusogeza tarehe ya ripoti hadi 20, au kufunga kitabu cha mradi peke yake mapema.

Katika kuchagua mbia, kiwango kinasisitiza vigezo viwekwe kabla ya kukutana na wagombea na visiwe vya uwezo wa kazi peke yake, bali pia vya tabia ya kushirikiana. Ni sawa, ila hapa tunaongeza angalizo. Tabia haipimwi kwa wasilisho la slaidi. Omba kuzungumza na shirika ambalo mgombea aliwahi kushirikiana nalo na ushirikiano ukaisha, na uulize jinsi ulivyoisha: nani alibaki na vifaa, ripoti ya mwisho ilichukua muda gani, wafanyakazi wa pamoja walijulishwa lini.

Hatua ya tano ndiyo pana kuliko zote. Humo kuna kiongozi wa ngazi ya juu mwenye dhamana ya uhusiano kwa kila upande, timu ya pamoja ya usimamizi, daftari la vihatarishi la pamoja, na waraka unaoshika vyote: mpango wa kusimamia uhusiano. Mpango huu ndio tunaoupenda zaidi katika bidhaa hii, na ndio unaoharibiwa kirahisi zaidi. Ukifika kurasa 60 hausomwi. Ulio hai hauzidi kurasa 10 au 12, na ukurasa wake wa kwanza unajibu maswali matano: tunataka kupata nini kwa pamoja, kila upande unataka nini kwa faida yake wenyewe, nani anaamua nini, jambo likikwama linapanda kwa nani na ndani ya siku ngapi, na tutajuaje kuwa muda wa kuachana umefika.

Swali la pili ndilo huachwa wazi kwa aibu, na kufanya hivyo ni kosa kubwa. Shirika linalotaka jina lake lionekane liseme hivyo. Linalotaka takwimu kwa ajili ya utafiti wake liandike. Maslahi yaliyotajwa yanaweza kupangiwa nafasi. Yaliyofichwa hutokea katikati ya kazi kama hila, hata pale ambapo hakukuwa na hila yoyote.

Kuhusu jambo lililokwama, kiwango kinataka pawepo na utaratibu wa kutatua migogoro lakini hakisemi siku ngapi. Mpangilio unaofanya kazi ni huu: maafisa wawili wanaohusika wana siku 5 za kazi, wakishindwa, timu ya pamoja ina siku 10, ikishindwa, viongozi wawili wenye dhamana wanakutana ana kwa ana au kwa simu, si kwa barua pepe. Muhimu zaidi, anayelipandisha jambo amwambie mwenzake kwanza. Mtu akigundua kuwa bosi wake alishapigiwa kabla yeye hajaambiwa, utaratibu wote umekufa hata kama umeandikwa vizuri.

Hatua ya sita, kuzalisha thamani, imeandikwa kwa ujumla mno na haituridhishi. Inataka mashirika yatafute maboresho ya pamoja, na hapo inaishia. Hatua ya saba ina nyama zaidi, kwa sababu inataka uhusiano wenyewe upimwe, mbali na matokeo ya mradi. Njia nyepesi ni dodoso la maswali 8 hivi kila robo mwaka, likijazwa na watu wasiopungua watatu kwa kila upande, kila upande ukijipima na kumpima mwenzake kwa alama 1 hadi 5. Wastani usikupumbaze. Tazama pengo: upande mmoja ukijipa 5 kwa “tunatoa taarifa kwa wakati” na mwenzake akaupa 2, ajenda ya kikao kijacho mmeshaipata.

Mpango wa kuachana unatajwa tangu hatua za mwanzo, na kuwekwa wazi mapema ndicho kitu ambacho wengi hukiona kama mkosi. Hakina mkosi wowote. Orodha yake ni ya kawaida kabisa: data zinabaki kwa nani na kwa ruhusa gani, vifaa vilivyonunuliwa kwa fedha za pamoja vinaenda wapi, nembo ya pamoja inaondolewa lini, wanufaika wanaelezwa na nani, na notisi ni ya muda gani. Siku 90 ni kiasi kinachofaa pale penye wafanyakazi wa pamoja. Maswali haya yakijibiwa wakati watu wanapendana hayazidi saa mbili. Yakiachwa hadi ugomvi, yanahitaji wanasheria.

Sasa mapungufu. La kwanza ni nguvu ya fedha. Kiwango kinazungumza kana kwamba wabia wote wana uzito sawa mezani, na hali halisi ni kwamba mmoja mara nyingi ndiye anayeshika mfuko. Timu ya pamoja yenye wajumbe wanne wa shirika kubwa na mmoja wa shirika dogo inaweza kutimiza kila sharti na bado maamuzi yakatoka upande mmoja. Hilo inabidi mlirekebishe wenyewe: viti sawa, uenyekiti wa zamu, na gharama za shirika dogo kuhudhuria vikao ziwekwe kwenye bajeti ya ubia.

La pili ni cheti. ISO yenyewe haitoi vyeti. Hutolewa na kampuni huru za ukaguzi, kwa kawaida kwa miaka mitatu huku ukaguzi wa ufuatiliaji ukifanyika kila mwaka. Cheti kinathibitisha kuwa shirika lina mfumo wa kusimamia ushirikiano. Hakithibitishi kuwa ni mbia mwema, na upande mmoja unaweza kuwa nacho wakati mwingine hajawahi hata kuufungua waraka. Kwa shirika linaloshindania zabuni zinazokitaka, gharama yake ina maana. Kwa asasi yenye wafanyakazi 15 na wabia wawili, hatuoni sababu: fedha hizo zikilipia mratibu wa ubia kwa nusu ya muda wake wa kazi, zitaonekana.

La tatu ni wingi wa karatasi. Mkaguzi huomba ushahidi, na shirika lenye hofu hutunga fomu kwa kila sharti. Kumbukumbu za vikao zilizoandikwa vizuri, zenye jina la mhusika na tarehe kwa kila azimio, zinaweza kubeba sehemu kubwa ya ushahidi huo bila fomu mpya hata moja.

Kwa anayetaka kukitumia bila cheti, na hao ndio tunaowashauri zaidi, mpangilio wa kazi si ule wa kurasa. Anza na kujipima, siku mbili. Andika rasimu ya mpango wa kuachana, nusu siku, ukiwa bado peke yako. Kisha kutana na mbia muandike ukurasa wa kwanza wa mpango wa uhusiano kwa pamoja, chumba kimoja, kompyuta moja, kila sentensi ikisomwa kwa sauti kabla ya kupita. Hati ya makubaliano mwachie mwanasheria aiandike mwishoni kutokana na hayo, na kikao cha kwanza cha mapitio kiwekwe siku ya 30 baada ya saini, tarehe ikiwa imeshaingizwa kwenye kalenda za pande zote mbili.