Anchorage, Alaska: uzoefu wangu wa siku sita na mama mdogo

Saa tano na nusu usiku jua lilikuwa bado liko juu ya maji, na mama mdogo alikuwa bado amekaa kwenye msala akisubiri Magharibi.

Tulifika Anchorage mwishoni mwa Juni tukitokea Seattle kwa binamu yangu, mwendo wa saa tatu na nusu kwa ndege. Wakati huo wa mwaka jua la kule huzama kama saa tano na dakika 40 usiku na kuchomoza saa kumi na ushei alfajiri, na katikati hapo hakuna giza la kuitwa giza. Sisi tunaohesabu saa kwa jua tunachanganyikiwa hata na maneno: unaitaje usiku wakati mtaani watu wanafyeka majani? Ratiba ya sala tuliifuata ya msikiti wa hapo hapo mjini, na hilo lilimtuliza mama mdogo. Ukienda majira hayo, panga usingizi wako mapema.

Nalisema hili kwa sababu gesti yetu ilituangusha. Tuliilipa ghali, maana kiangazi bei za vyumba hupanda na juu yake mji unatoza kodi ya malazi ya asilimia 12, halafu madirishani kuna pazia jepesi kama chandarua. Niliomba zito siku ya kwanza, nikaahidiwa, halikuja mpaka tunaondoka. Usiku wote sita tulilala na kanga usoni. Uliza pazia kabla hujatoa hela.

Malalamiko yangu kuhusu malazi yanaishia hapo, kwa sababu mji wenyewe nimeupenda kwa dhati. Kwetu pori lina geti: unalipa kiingilio, unapanda gari, dereva anakuonyesha. Anchorage ina watu wanaokaribia laki tatu na pori linaanzia ukutani kwa nyumba ya mwisho, mara nyingine hata kabla yake. Hakuna geti na hakuna askari. Upande wa mashariki ipo hifadhi ya jimbo ya Chugach, takriban hekta laki mbili za milima, na mitaa ya juu inapakana nayo kabisa. Upande wa magharibi kuna bahari. Uhuru huo unataka mgeni ajue anafanya nini, na hapo ndipo vipeperushi vya watalii vinapopita haraka mno.

Somo la kwanza tulilipata kwenye basi la kutoka uwanja wa ndege. Mama mmoja aliyekaa mbele yetu aligeuka akauliza, "Mama, munatoka Tanzania? Kiswahili yenu ni ya kule." Yeye ni wa Bukavu, ameishi Anchorage miaka kadhaa na wanawe wanasoma pale. Nilijua kidogo kwamba mji huo umepokea wakimbizi kutoka Kongo, lakini kusikia Kiswahili kwenye basi la Alaska kulinitoa machozi. Alipojua tunapanga kutembea kwa miguu, alimshika mama mdogo mkono: "Ile nyama kubwa, kama iko na batoto, musiikaribie. Ni kali sana."

Alikuwa anasema muusi, ndugu yake kulungu, ila kwa mwili mfikirie yule swala mkubwa aitwaye pofu, na miguu mirefu zaidi. Dume ana pembe pana kama masinia, huzidondosha kila mwaka na kuota nyingine. Siku ya pili, kwenye njia ya miguu ya Tony Knowles inayofuata pwani kilomita 18 kutoka katikati ya mji hadi bustani ya Kincaid, tulikutana na jike. Alikuwa anatafuna majani ya mbetula, hatua kama 30 kutoka njiani. Nyuma yake walitokea ndama wawili, rangi ya udongo mwekundu, miguu bado inayumba. Jike akanyanyua kichwa. Masikio yakalala nyuma, nywele za nundu ya begani zikasimama. Nilimvuta mama mdogo nyuma ya miti miwili minene tukakaa hapo, kimya, mpaka waliposogea. Dubu anataka usikimbie, useme naye kwa sauti ya chini na urudi nyuma taratibu. Muusi akikujia, kimbia na utafute mti wa kuweka kati yenu. Kanuni hizi mbili zishike kabla hujatoka nje. Kopo la dawa ya pilipili ya kumpulizia dubu linanunuliwa huko huko, kwa kuwa ndege haziruhusu ulibebe hata kwenye sanduku la mizigo. La kwetu tuliwaachia wageni waliofuata.

Lakini hatari iliyonigusa zaidi ni ya bahari, maana sisi ni watu wa Tanga. Mama mdogo amekulia Tongoni, na kwake maji yakipwa ni saa ya kazi: ndoo kichwani, kijiti mkononi, unakwenda kuokota chaza na kuchokoa pweza. Tulipofika ukingoni maji yalikuwa yametoka mbali sana, uwanja wa kijivu unang'aa mpaka macho yanaishia. Akasimama, akauangalia muda mrefu.

"Mwanangu, maji yametoka hivi na hakuna hata mtu mmoja anayeokota?"

"Hapa hakushukwi, mama. Ni tope."

"Tope la namna gani lisilokanyagwa?"

Ni unga wa mawe. Barafuto, yaani mito ya barafu ya milimani, husaga miamba kwa maelfu ya miaka, mito huuleta unga huo baharini, nao hukaa pwani umeshikana na maji. Ukisimama juu yake unaonekana mgumu. Ukitikisa mguu unalegea, mguu unazama, kisha unga unakaza kuuzunguka kama saruji. Na maji ya huko hupanda na kushuka zaidi ya mita 9, kwa hiyo yanaporudi yanarudi upesi. Watu wamekufa hivyo. Mabango yapo, ila ni madogo kuliko hatari yenyewe, na mtu wa pwani ndiye atakayeyapuuza kwanza kwa sababu anaamini anaijua bahari. Ndugu zangu wa Tanga, Lamu, Pemba: msishuke.

Njia hiyo hiyo ya pwani hupita bustani ya Earthquake Park, yenye jina la tetemeko la ardhi. Tarehe 27 Machi 1964 tetemeko la ukubwa wa 9.2 lilitikisa kwa zaidi ya dakika nne, na mtaa wa Turnagain ukateleza na ardhi yake kuelekea baharini, nyumba kama 75. Leo unaona vilima na mabonde madogo yasiyo na mpangilio, miti imeota juu yake. Pale hakuna jengo la kutazama. Tulisoma kibao, tukakaa kwenye benchi, mama mdogo akawasomea Fatiha.

Ship Creek ni kijito kinachopita chini kabisa ya majengo ya mjini, pale ambapo Anchorage ilianza mwaka 1915 kama kambi ya mahema ya wajenzi wa reli. Juni ni zamu ya samoni wakubwa. Watu wanaotoka ofisini wanavaa mabuti marefu, wanasimama majini na ndoano. Mgeni anahitaji kibali cha kuvua. Sisi tulitazama tu, na jioni tukala samoni wa kuchoma. Kwa Mwislamu Anchorage ni rahisi ukila samaki, maana soseji za kulungu wa kaskazini zinazouzwa kwenye vibanda vya barabara ya nne utaziacha. Mbu ni wengi na wakubwa, lakini hawana malaria.

Pesa yangu iliyopotea ilikwenda kwa kampuni moja ya matembezi ya gari iliyotuhakikishia tungewaona beluga, nyangumi weupe. Hatukuona hata mkia. Baadaye nilijifunza kwamba katika ghuba ya Turnagain wakati mzuri wa kuwatafuta ni kuanzia katikati ya Julai hadi Agosti, wakifuata samoni, na kwamba waliobaki eneo lote hilo ni mamia machache tu. Anayeuza safari hiyo mwezi Juni analijua hilo, na alipaswa kutuambia.

Kesho yake tulikodi gari wenyewe, siku moja tu, kwani mabasi hayafiki huko. Asubuhi tulipanda Glen Alps chini ya mlima Flattop, ambako kuna njia fupi ya lami hata mwenye magoti mabovu anaiweza, na kwa mbali kaskazini tukaiona Denali, mita 6,190, nyeupe tupu. Ni ndefu kuliko Kilimanjaro, na sikuona uchungu kulikubali hilo.

Mchana tukateremka Beluga Point, chini ya nusu saa kusini mwa mji. Zilikuwa zimepita siku chache tangu mwezi mpevu, na mama mdogo alikwisha kupiga hesabu yake: "Haya ni maji ya bamvua." Alikuwa sahihi. Ghuba ile ni nyembamba, na wakati wa bamvua maji ya kujaa huingia yamesimama kama ukuta mdogo, kiasi cha saa moja na robo baada ya Anchorage kupwa kabisa. Tuliusikia kabla ya kuuona, mlio kama wa magunia yanayoburutwa sakafuni. Kisha mstari mweupe ukatokea, kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, haukufika kimo cha mtoto wa darasa la kwanza, ingawa kwenye bamvua kubwa hupita mita mbili. Vijana wawili walikuwa wamesimama juu yake kwa mbao. Nyuma yake bahari yote ikageuka, ikaanza kwenda upande wa pili.

Mama mdogo alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena. "Kwetu huja kimya," alisema.

Bidhaa za kawaida dukani hazina kodi ya mauzo, basi koti zito linunue huko huko; mama mdogo naye alinunua lake, kwani mchana wenyewe haukuzidi nyuzi 18. Koti hilo sasa linaning'inia nyuma ya mlango wake Tongoni. Pembeni yake ipo kalenda, na kwenye Agosti amezungushia duara siku tatu baada ya mwezi mpevu, za bamvua na za beluga.