Hema la kuba la watu wanne kwa kambi za mtoni karibu na jiji: zuri sana, ila vigingi vyake badilisheni

Hili hema tunatumia mimi na wenzangu wawili muda mrefu sasa na kazi yake ni wikendi tu, ijumaa jioni tukitoka kazini tunaingia barabarani kabla foleni haijakaza, tunalala kwenye hifadhi za nje kidogo ya jiji au kando ya mto, jumapili mchana tunarudi. Kwa hiyo naliongelea kama hema la kambi za karibu ambako gari linafika, sio la kubeba mgongoni siku nzima, maana lina uzito wa kama kilo 5 na likikunjwa linakula nusu ya buti ya gari dogo.

Ni la kuba, tabaka mbili. Ndani kuna hema lenyewe ambalo sehemu ya juu yote ni neti, alafu juu yake linavalishwa turubai jepesi la polista linaloshuka mpaka karibu na ardhi. Fito ni mbili za aluminiamu zinapishana juu, na ukishaziingiza hema linasimama lenyewe hata kabla hujapiga kigingi kimoja. Hii ya kusimama lenyewe kwa kambi za karibu na jiji mimi ningeitafuta kabla ya kitu kingine chochote. Zile sehemu zinapokea watu kila wikendi, ardhi imekanyagwa mpaka imekuwa kama sakafu, kwingine wamemwaga kokoto au wametengeneza majukwaa ya mbao, sasa mwenye hema linalotegemea kamba na vigingi ili lisimame anaanza kutafuta mawe giza linaingia. Hili mnashika wawili mnalihamishia pembeni kama mmeona mzizi chini, na asubuhi ya kuondoka mnaliinamisha mnakung'uta mchanga wote utokee mlangoni, mnamaliza dakika chache tu.

Sasa kubwa zaidi ni jasho la hema. Watu wakienda kununua wanauliza mvua inapita au haipiti, wanaangalia ile namba ya milimita, hili letu limeandikwa 3,000 juu na 5,000 sakafuni, yaani ule ni urefu wa safu ya maji ambayo kitambaa kinahimili kabla hakijaanza kupitisha, na kusema ukweli kwa mvua ya kawaida hata 1,500 inakutosha mradi mishono iwe imezibwa na tepu. Mtoni kinacholowesha watu mara nyingi ni pumzi zao wenyewe. Usiku hewa baridi inateremka kutoka kwenye miinuko inatuama bondeni ulipo mto, hewa ya pale tayari ina unyevu mwingi, nyie nao mko ndani mnapumua usiku kucha, mvuke wote huo ukigusa kitambaa kilichopoa unageuka matone, alfajiri yanaanza kudondoka usoni na mtu anaapa kabisa kwamba hema linavuja. Kwa hema la tabaka moja ndio utalala hivyo hivyo. Kwa hili mvuke unapita kwenye neti, unanata kwenye lile turubai la nje, unateremka taratibu mpaka chini nje ya sakafu, na nyie mnaamka wakavu, blanketi kavu, nguo kavu. Juu kabisa kuna vidirisha viwili vya hewa vyenye vijiti vya kuvishikilia, viacheni wazi hata kama kunanyesha, baridi itawashawishi mfunge kila zipu lakini vaeni soksi na kofia tu hewa iendelee kutembea.

Na hema peke yake haliwezi kazi yote. Ule ushauri wa kukaa kama mita 60 kutoka ukingoni, hatua 70 au 80 hivi za mtu mzima, pale ambapo sehemu hazijapangwa namba ufuateni, unyevu unapungua sana na wanyama wanapata njia ya kwenda kunywa, tena maji machafu ya vyombo hayaishii mtoni. Kama mto unakuja kutoka upande wa jiji basi ndio zaidi, kwa sababu mabati, lami na zege havinywi maji, mvua ikipiga mjini yote inakimbilia mtoni kwa mkupuo na nyie huku hamjaona hata tone. Angalieni vichaka vya ukingoni, mkikuta majani makavu na mifuko ya plastiki imenasa kwenye matawi basi maji yalishafika hapo, hameni mwende juu ya hapo.

Vigingi ndio wametuangusha. Ni vile vyembamba vya waya, kwenye ardhi ngumu vinapinda na kwenye mchanga wa mtoni vinang'oka na upepo wa kwanza tu, hela yote hiyo ya hema alafu unapewa vile jamani. Sisi tumenunua vinene vya chuma kwa ajili ya hifadhini, na kwa mchanga tunajaza mchanga kwenye mifuko, tunafunga kamba, tunaifukia mifuko, hapo hata upepo mkali haling'oki.

Hiyo "watu wanne" nayo muichukulie kwa tahadhari. Sakafu ina upana wa sentimita 240, gawanya kwa wanne ni 60 kila mtu, bega kwa bega, begi mtaweka wapi? Watatu ni sawa, wawili ni raha kabisa. Kibaraza cha mbele kinatosha viatu na mabegi mawili. Msikitumie kupikia, na jiko la mkaa au la gesi lisiingie ndani hata kwa kupasha joto dakika mbili, kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi na inaua watu wakiwa usingizini, hizo neti na vidirisha nilivyovisifia havitoshi kuiondoa.

Rangi ya turubai ni kijivu cheupe, kambi za karibu na jiji zina taa za chooni na za walinzi zinazowaka mpaka asubuhi na mwanga wote unaingia, wangetengeneza na la rangi nzito ningelichukua hilo. Kelele za barabara kuu hakuna hema litakalozizuia, bebeni vya kuziba masikio.

Mkirudi nyumbani lianikeni siku hiyo hiyo hata kama mmechoka, sisi tunalitandaza juu ya milango na viti sebuleni, likikaa limekunjwa na unyevu linapata ukungu na ule mpako wa ndani ya kitambaa unaozuia maji unaanza kunata na kubanduka. La kwetu mpaka leo halinuki, zipu zinateleza vizuri, tepu za mishono zimeshika zote isipokuwa pembe moja karibu na mlango ambayo tumeipaka gundi ya mishono na haijapitisha tena.