Kichujio chekundu au tochi kwa kamera ya bei nafuu chini ya maji?

Maji humeza rangi nyekundu kwanza. Ukishuka mita 10 hivi pale Mnemba, Zanzibar, matumbawe hutoka ya buluu tupu kwenye video, na kamera ndogo ya bei nafuu hairekebishi hilo vizuri peke yake.

Kichujio chekundu ni kipande cha plastiki kinachobanwa mbele ya kasha la kamera. Hakitaki betri, na hurudisha rangi ya mandhari nzima: kundi la samaki, kasa anayepita mbali. Lakini kinategemea jua. Karibu na uso wa maji picha huwa nyekundu kupita kiasi. Kwenye kina kirefu hupunguza hata ule mwanga mdogo uliobaki, video ikajaa chengachenga.

Tochi ni ghali zaidi, na mwanga wake husaidia kwa mita moja au mbili tu. Ila kwa pweza aliyejificha pangoni, au ukizamia usiku, ndiyo hasa. Ishike pembeni, mbali na lenzi, la sivyo chembe za majini zitang'aa kama nyota.

Usivitumie pamoja: vitu vilivyo karibu na kamera vitageuka vyekundu. Mimi ningeanza na kichujio, maana wengi Zanzibar tunazamia mchana.