BIOSCREEN: ni ya bure na ina akili, ila haijui pampu ya jirani

Nilifika kwenye programu hii kwa kufuata harufu. Mama mmoja hapa Dar, nyumba yake iko nyuma ya sheli, aliteka maji kisimani akanisogezea ndoo puani. Petroli tupu. Alitaka kujua kitu kimoja: yatakwisha lini? Programu za kulipia sikuwa na ubavu nazo, nikapakua BIOSCREEN, programu ya kukisia uchafu wa mafuta unafika wapi na unapunguaje ndani ya maji ya ardhini, inayotolewa bure na EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani.

Usitegemee mapambo. Ni faili la Excel la mwaka 1996, lililotengenezwa kwa ajili ya Jeshi la Anga la Marekani, na toleo nililo nalo ni 1.4 la 1997. Unajaza mchanga wako unapitisha maji kwa wepesi gani, mteremko wa maji, upana wa chanzo na miaka. Yenyewe inakuchorea mistari mitatu: uchafu usipoliwa na chochote, ukipungua kwa asilimia ile ile muda wote, na ukiliwa papo hapo na bakteria.

Mstari wa tatu ndio ulionivutia. Wazo lake ni la Borden na Bedient, 1986: bakteria wa ardhini wanakula mafuta haraka kuliko maji yanavyowaletea cha kuvutia pumzi. Kwa hiyo usihangaike kupima wanakula kwa kasi gani, pima wana pumzi kiasi gani. Oksijeni ikiisha wanashika naitreti, kisha chuma, kisha salfeti, na mwishoni kabisa inatoka methani. Programu inabadilisha kila kimoja kuwa miligramu za mafuta zinazoweza kuliwa katika lita moja ya maji.

Ndani yake mna mfano wa kambi ya jeshi la anga ya Keesler, Mississippi, Marekani. Fanya hesabu yake kwa mkono hata mara moja. Oksijeni iliyotumika pale, miligramu 1.65 kwa lita, inagawanywa kwa 3.14 (miligramu za oksijeni zinazohitajika ili iliwe miligramu moja ya mafuta): inamaliza nusu miligramu tu ya mafuta. Salfeti, 22.4 kugawanya kwa 4.7, inamaliza karibu 4.8. Methani iliyokutwa inaashiria kuwa nyingine 8.5 zinaliwa. Nilipoona hivyo niliona aibu, maana miaka yote nilikuwa nabeba kipima oksijeni na kurudi ofisini nikijiona nimemaliza kazi. Pwani yetu hii, ambako maji ya chumvi yanapenya visimani, salfeti huenda ndiyo inayobeba mzigo mkubwa, na sikuwahi kuipima!

Sasa kero. Vipimo vimechanganywa kama pilau: wepesi wa mchanga ni sentimita kwa sekunde, kasi ya maji ni futi kwa mwaka, umbali ni futi. Mara ya kwanza niliandika 60 nikiwa na maana ya mita, yenyewe ikasoma futi. Kisima kikasogezwa hadi mita 18 kutoka kwenye tangi, benzini, ile sumu iliyomo ndani ya petroli, ikapanda, nikampigia bosi usiku. Alikuwa amelala. Tuyaache hayo.

Excel za siku hizi nazo huzuia makro zake, yaani vijiprogramu vya ndani ya faili, hadi uziruhusu. Halafu hesabu ya ndani, iitwayo ya Domenico kwa jina la aliyeibuni, ni ya makadirio. Mwaka 2007 lilitoka toleo liitwalo BIOSCREEN-AT lenye suluhisho kamili, na kama unaanza leo anza na hilo.

Kasoro kubwa ni nyingine. Programu inadhani maji ya ardhini yanatembea mwendo mmoja, upande mmoja, bila kuguswa. Mwongozo wake wenyewe unakataza kuitumia mahali ambapo pampu zinavuruga mkondo. Basi njoo mtaani kwetu: nyumba tatu zina visima virefu, kila mmoja anajaza simtanki yake alfajiri, na uchafu unavutwa huku na huku. Mstari wangu ulisema kisima cha yule mama kitasafika. Nikamwonyesha. Akatazama, akauliza, "Mwanangu, hilo jedwali lako limeshaonja maji?"

Nilimwambia asinywe wala asipikie. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa benzini ni mikrogramu 10 tu kwa lita, na kuchemsha maji ya namna ile jikoni ni kujijazia mvuke wake. BIOSCREEN niliibakiza kwa kazi inayoiweza, yaani kukisia mkia wa uchafu umefika wapi ili nichague pa kuchimba mashimo ya uchunguzi. Kwa hilo imenisaidia sana.

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Ukiipakua, weka nakala safi pembeni kabla hujagusa kitu, kwa sababu ukiandika tarakimu juu ya seli yenye fomula umeifuta, na kile kitufe cha kurudisha fomula kwenye kompyuta yangu kiliacha kuitika zamani.