Kupima teknolojia ya mchezo: maabara au pakiti ya udadisi?

Ukitaka kujua kitufe kipi kinawachanganya watu, maabara, yaani chumba cha kumtazama mtu akitumia kifaa, inafaa. Mpe mshiriki kazi moja, mwombe aseme kwa sauti anachofikiria, rekodi skrini na sauti, kisha nyamaza. Washiriki watano kwa mzunguko mara nyingi huibua kasoro kubwa. Rekebisha, pima tena. Ila mchezo hauvumilii mtihani. Anayecheza huku akijieleza hupunguza kasi na kupoteza mdundo, na akinyamaza mtafiti humkumbusha aseme: raha imeshakatika. Afadhali acheze bila kukatizwa, halafu mtazame rekodi pamoja, aeleze.

Pakiti ya udadisi, yaani furushi la kazi ndogo ambazo mtu huzifanya kwake na kumrudishia mtafiti, ina tabia nyingine kabisa. Mwaka 1999 wabunifu Bill Gaver, Tony Dunne na Elena Pacenti walieleza jinsi walivyowapa wazee wa Oslo, Amsterdam na Peccioli, Italia, kadi za posta, ramani na kamera za kutumia mara moja na kutupa, pamoja na maagizo ya kichokozi. Walichotafuta si takwimu bali vipande vya maisha vya kuamsha ubunifu. Wengi huiharibu kwa kuigeuza dodoso lililopambwa: wanahesabu majibu, wanatoa asilimia! Kazi zikizidi, watu huchoka na pakiti hairudi. Weka chache, na kila bahasha iwe na anwani na stempu tayari.

Kifaa kikishakuwepo, nenda maabara. Kama bado hujui utengeneze nini, anza na pakiti, lakini usitarajie ikuambie kama menyu inasomeka.