Lenzi za 50mm: Dola 199 dhidi ya Dola 2,299

Karibuni tena, ndugu zangu. Kila wiki mnaniuliza swali lilelile: lenzi ya bei nafuu na ya kitaalamu, tofauti ni nini hasa? Leo nimeleta za milimita 50 tupu (namba hii inaeleza upana wa eneo ambalo lenzi inaliona).

Hii ndogo ni Canon RF 50mm f/1.8 STM. Hiyo f/ ni ukubwa wa tundu la kupitishia mwanga: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Gramu 160, haizidi simu ya mkononi. Ilitoka 2020, na kule Marekani iliuzwa dola 199. Hii nene ni RF 50mm f/1.2L, iliyotoka 2018 kwa dola 2,299, gramu 950. Karibu kilo nzima shingoni!

Sasa twende ukumbini usiku, taa za rangi, bibi harusi anaingia. Kwa f/1.2 unapata mwanga zaidi ya mara mbili ya f/1.8. Pale ndogo inapokudai ISO 3200 (kipimo cha kamera kukuza mwanga), kubwa inatosheka na kama 1400, na chenga, yaani vidoa vidogo kwenye picha, zinapungua. Lakini angalieni jambo moja: ukiifungua hadi f/1.2 karibu na uso, jicho moja linakuwa kali na la pili linafifia. Kwa picha za familia ya watu kumi utalibana tu tundu hadi f/5.6, na hapo, jamani, zitazame mbili hizi kwenye simu uniambie ipi ni ipi. Kubwa ina kinga ya vumbi na maji. Kwa anayepiga ufukweni kwenye upepo wa chumvi, hilo ni jambo zito.

Nikon ndiyo inayonifurahisha zaidi. Z 50mm f/1.8 S nayo ni f/1.8, lakini ina vioo 12 ndani wakati ile ya Canon ina 6, na ina uzito wa gramu 415. Picha zake ni kali tangu tundu likiwa wazi kabisa, hadi pembeni. Kwa hiyo msinunue namba iliyoandikwa mbele ya lenzi.

Unayeanza na Canon, chukua ndogo, fedha inayobaki nunua flashi. Ukianza kupata harusi za usiku kila wiki, hapo f/1.2 itajilipa yenyewe.

Wa Sony, FE 50mm f/1.8 ni nyepesi na picha zake ni nzuri, ila mota yake ya kulenga inasikika. Nenda dukani na kamera yako, rekodi video kidogo, sikiliza, ndipo ulipe.