Vifaranga "waliolishwa ndani ya yai": shilingi 200 za nyongeza zinalipa?

Wakala wangu wa Bunju ana maneno matamu, na safari hii alikuja na jipya. "Mama, hawa ni daraja jingine. Wamelishwa wakiwa bado ndani ya yai. Ukifungua boksi tu wanakimbilia chakula wenyewe." Nyongeza yake ni shilingi 200 kwa kila kifaranga, yaani boksi la mia moja linapanda kwa 20,000. Sisi tunaofuga kuku wa nyama faida kwa kuku mmoja kuna miezi haifiki hata buku. Hiyo si hela ya kutoa kwa maneno matupu.

Nafugia Mapinga, nje kidogo ya Dar es Salaam. Kabla ya hapo nilifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha kutotolesha, chumba cha kuhamishia mayai, kwa hiyo habari ya kumlisha kifaranga kabla hajatoka haikunishtua. Kilichonishtua ni kuisikia kwa wakala wa Bunju. Nikaagiza boksi mbili za hao wa nyongeza na mbili za kawaida, kiwanda kilekile, siku ileile, nikagawa banda katikati kwa mabati. Chakula kimoja, maji mamoja, majiko ya mkaa mawili yanayolingana. Jina la kiwanda naliweka kando, maana wakala kesho anaweza kukuletea wa kiwanda kingine kwa maneno hayohayo.

Jambo lenyewe ni la kweli, hilo niliseme mapema. Yai la kuku hukaa siku 21. Siku ya 18 mayai hutolewa kwenye mashine ya kuatamia, yakapelekwa kwenye mashine ya kutotolea. Hapo ndipo kampuni ya Embrex ya North Carolina, Marekani, ilipopata mwanya wake: mashine inayotoboa ganda upande ule butu wenye nafasi ya hewa, sindano ikashuka mpaka kwenye maji yanayomzunguka kifaranga, ikaacha tone la chanjo ya Mareksi, ule ugonjwa wa virusi unaopoozesha kuku. Mashine hizo zipo kazini tangu miaka ya 1990 na zinadunga makumi ya maelfu ya mayai kwa saa moja. Sasa, siku hizo za mwisho kifaranga huyameza maji hayo. Zehava Uni wa Chuo Kikuu cha Kiebrania, Jerusalem, na Peter Ferket wa chuo kikuu cha jimbo la North Carolina wakaona kwamba kama anameza, basi anaweza kulishwa humohumo. Hataza yao, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi huo, ilitolewa Marekani mwaka 2003. Tangu hapo watafiti wamejaribu kumtilia mambo mengi: maltosi na dekstrini kwa ajili ya nguvu, protini ya ute wa yai, zinki, arginini.

Kwa nini ahangaikiwe hivyo? Kwa sababu kupasua ganda ni kazi nzito. Kifaranga anatumia akiba ya sukari aliyoiweka kwenye ini na kwenye misuli, na akiba ikikata anaanza kumega nyama ya kidari chake mwenyewe. Kidari hichohicho ndicho ninachomuuzia mwenye kibanda cha chipsi. Halafu akishatoka, anasubiri. Vifaranga hawatoki wote kwa pamoja; wa kwanza anaweza kumtangulia wa mwisho kwa saa 24 na zaidi, naye anabaki humo mashineni mpaka wenzake wakauke, wachaguliwe, wahesabiwe, wapakiwe, wasafiri. Kiini kilichobaki tumboni kinamshikilia siku mbili tatu. Kinamshikilia asife. Kukua ni habari nyingine, maana utumbo wake unataka kitu cha kufanyia kazi ndipo ukomae.

Kwa hiyo nilipiga simu kiwandani nikauliza: mnadunga nini, kiasi gani, siku ya ngapi? Kijana wa mauzo alizungukazunguka, mwishowe akanipa fundi wa chumba cha mayai. Fundi, Mungu ambariki, hakuficha kitu. "Dada, ni chanjo ya Mareksi, na kwenye maji ya kuchanganyia tunaweka vitamini kidogo. Siku ya 18." Na kiasi? Mililita 0.05 kwa yai.

Hapo nikacheka. Kwenye majaribio ya lishe, yai hutiwa karibu nusu mililita hadi mililita nzima, yaani mara kumi hadi ishirini ya hiyo. Ni sawa na kumpa mtoto kijiko cha chai ukatangaza kwamba ameshakula chakula cha mchana. Na usifikiri utatatua kwa kulikoleza tone: kimiminika kikizidi ukali wa sukari na chumvi kinamdhuru kifaranga, na idadi ya mayai yanayototoa inashuka. Nilichouziwa, basi, ni chanjo. Kuchanja ndani ya yai ni kitu kizuri, kifaranga anatoka tayari ana kinga inayojengeka na hashikwishikwi shingo na mtu mwenye haraka. Lakini lishe ni lishe, na kwenye tone hilo haikuwamo ya kutajwa.

Bado niliwapima, maana nilikuwa nimeshalipa. Mizani ya jikoni, vifaranga kumi kumi kwenye beseni. Wa nyongeza walitoa wastani wa gramu 44, wa kawaida 41. Kijana wangu wa bandani akashangilia, "Mama, unaona?" Mimi nikarudi kwenye simu. Mayai haya na yale yametoka kwa kuku wazazi wa umri gani? Wa nyongeza, wiki 50. Wa kawaida, wiki 31. Gramu tatu zikawa zimeshajieleza. Kuku mzazi akienda umri yai lake linakua, na kifaranga hutoka na karibu theluthi mbili ya uzito wa yai alilotoka. Ukitaka kumfurahisha mteja kwa mizani ya siku ya kwanza, mpe watoto wa kuku wazee.

Ndiyo maana siku ya kwanza mimi huandika tu uzito bila kuusifia. Naangalia siku ya saba amejizidisha mara ngapi. Aliyepata joto, maji na chakula kwa wakati anatakiwa afike angalau mara nne ya uzito aliokuja nao. Wa nyongeza walifika gramu 187, wa kawaida 173. Piga hesabu mwenyewe: 4.25 kwa 4.22. Vifo vya wiki ya kwanza vilikuwa vitatu upande mmoja na vinne upande wa pili. Magole, yaani vifuko vya chakula shingoni, niliyapapasa asubuhi ya pili, siku nzima tangu waingie, na pande zote mbili karibu wote walikuwa wameshiba, laini, chakula na maji vimechanganyika. Siku ya 33 mteja wangu alikuja kuchagua kwa mkono wake, sikumwambia yupi ni yupi, akabeba kutoka pande zote mbili bila kupendelea.

Sasa niseme kilichonifurahisha, kwa sababu kipo, na wakala hakukitaja hata kidogo.

Boksi zilikuwa na karatasi ya saa. Juu ya kila boksi pamebandikwa saa waliyotolewa mashineni: saa 10 alfajiri. Wamefika kwangu saa 4 asubuhi. Katika miaka yote ya kununua vifaranga nimezoea kuambiwa "wametoka leo leo", na leo hiyo inaweza kuwa ya jana jioni. Vitovu vilikuwa vimefunga, vyote nilivyovigeuza, hakuna kamba inayoning'inia wala kitovu cheusi. Miguu inang'aa, haijakauka. Na ndani ya boksi, zote nne, hata za kawaida, kulikuwa na vipande vya jeli ya maji ya kijani. Nimefungua nikakuta midomo ya kijani. Walikuwa wameidonoa njiani mpaka wengine wamepakana mabawa.

Jeli hiyo ndiyo chakula cha mapema unachoweza kukiona kwa macho. Ina maji zaidi ya kitu kingine, haimwagiki, haimlowanishi kifaranga kama maji ya kopo, na inamfundisha kudonoa kabla hajaiona stata, chakula chake cha kwanza bandani. Nilipouliza bei yake fundi alisema inaingia kwenye gharama ya boksi. Yaani cha bure kilifanya kazi, cha shilingi 200 sikukiona.

Naona kuna mtu wa Songea au Mpanda anasoma hapa akisema, wewe uko Mapinga, unapokea vifaranga kabla jua halijakaza. Ni kweli, na ndiyo sababu siipondi kabisa habari ya kulisha ndani ya yai. Faida yake kubwa iko hasa kwa kifaranga anayechelewa kukifikia chakula, yule ambaye boksi lake linalala kwenye basi. Siku kiwanda kitakapodunga lishe yenyewe, kwa kiasi chake, nikiwa Songea ningelipa nyongeza hiyo bila kubishana. Ila ningetaka jibu la maswali yale matatu kwa maandishi. Wenzetu Uholanzi na Ubelgiji wengine wameamua kuruka safari yenyewe: mayai ya siku ya 18 yanapelekwa bandani kwa mfugaji, kifaranga anatotolewa penye chakula na maji. Kwa umeme na barabara zetu sijui nani angethubutu, lakini wazo ni lilelile.

Jirani yangu mwenye kimashine cha mayai mia mbili alisikia stori hii akataka kuchukua bomba la sindano na glukosi ya duka la dawa. Nilimzuia, na wewe nakuzuia. Tundu kwenye ganda ni mlango wa ukungu, na ukungu ukiingia kwenye mashine moja unamaliza mapafu ya vifaranga wa mashine nzima. Viwandani sindano inaoshwa kwa dawa kati ya yai na yai, hewa inachujwa, na bado wanapata hasara wakizembea. Mwenye kimashine cha nyumbani ana njia yake ya kulisha ndani ya yai, ya tangu enzi: amlishe mama. Vitamini na madini yaliyomo kwenye yai yametoka kwenye chakula cha kuku aliyelitaga. Majogoo na mitetea ya kutagia mayai ya kutotolesha isiachwe na pumba tupu, ipewe chakula cha kuku wazazi, na majani mabichi yawepo.

Kwa ujumla wa huduma nawapa nyota nne: saa ya kweli, vitovu safi, jeli, na fundi anayesema ukweli. Kwa bidhaa ya "waliolishwa ndani ya yai" nawapa nyota mbili, moja ni ya chanjo na nyingine ni ya boksi. Kwa bei hiyo sirudii.

Wakala nimeshamwambia: aniletee wa kawaida, boksi lenye karatasi ya saa na jeli, na kila mzigo aniambie umri wa kuku wazazi, maana watoto wa kuku wadogo nawaongezea joto siku za mwanzo. Karatasi na jeli amekubali. Umri wa wazazi amesema "nitauliza", na hiyo "nitauliza" yake naijua, kwa hiyo nitampigia fundi mwenyewe. Kiwanda hiki kinaingiza mayai Jumatatu na Alhamisi. Anayelenga kuku wa Krismasi aweke oda kabla ya wiki ya mwisho ya Oktoba, siku 21 za mashine na wiki tano za banda zitoshe, na aombe mzigo wa asubuhi.